Kulala ndani ya Sienna milimani Colorado mwezi wa Januari: watu wawili, mbwa mmoja, hita ya propeni. Inafaa?

Kijito285 ameuliza:

Wakuu, habari za huko mliko. Tupo Denver, mimi na mume wangu, na tuna mbwa wa kilo 24 mwenye manyoya mafupi. Gari ni Toyota Sienna ya 2015, AWD (magurudumu yote manne yanavuta). Viti vya katikati tunavitoa, vya nyuma vinazama sakafuni, tunatandika godoro la povu la sentimita 10. Mpango ni kulala siku mbili katikati ya Januari upande wa Leadville, tukipita barabara ya 285, kwenye ardhi ya msitu wa taifa ambako hakuna umeme wala maji. Usiku huko nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri (sentigredi) ni jambo la kawaida.

Naomba msaada kwa haya:

1. Tuna hita ndogo ya propeni, ile inayotumia chupa ya ratili moja. Tuiwashe usiku kucha au vipi?
2. Godoro hilo na mablanketi vinatosha?
3. Gari litawaka asubuhi?
4. Mbwa alale wapi, na avae nini?

Mwenye ujuzi wa kweli anieleze kwa vipimo tafadhali.

---

Mzee_wa_Gunnison amejibu:

Dada, karibu. Naanza na hita kwa sababu hapo ndipo penye kifo. Mengine yote yanarekebishika.

Hita hiyo isiwake mkiwa mmelala, hata kwa moto mdogo. Leadville iko mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Hita hizi za kubeba mkononi zina sensa inayozima moto oksijeni ikipungua, na kitabu cha ile inayouzwa sana hapa Marekani kinasema wazi kwamba juu ya futi 7,000, yaani kama mita 2,130, inaweza kujizima. Nyinyi mtakuwa juu zaidi ya hapo kwa karibu mita elfu moja. Halafu sensa hiyo inapima upungufu wa oksijeni, haipimi kaboni monoksaidi. Wengi wanaziona kuwa kitu kimoja, na kosa hilo linaua.

Jambo la pili halisemwi sana. Propeni ikiungua inazalisha maji: kila kilo ya gesi inatoa kilo 1.6 hivi za mvuke. Chupa ya ratili moja (gramu 454) hudumu saa tano hadi sita kwenye moto mdogo, na katika muda huo inamwaga karibu robo tatu ya lita ya maji ndani ya gari. Pumzi na jasho la watu wawili na mbwa ni zaidi ya nusu lita nyingine. Maji hayo yote yanakimbilia kwenye bati na vioo, yanaganda, kisha jua la asubuhi likipiga yanadondokea kitandani. Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata ukilowa hauhifadhi joto tena. Ndiyo maana usiku wa pili ndio unaowashinda watu, wala si ule wa kwanza.

Kwa hiyo shabaha yenu isiwe kulipasha gari joto. Pasheni kitanda joto, gari liacheni libaki kavu. Ukishika hilo, mengine yanajipanga.

Hewa: acheni vioo viwili wazi usiku kucha, kimoja mbele upande mmoja na kingine nyuma upande wa pili, upana wa vidole viwili. Ndiyo, hata ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Gari la bati lililofungwa halihifadhi joto lolote la maana, linahifadhi unyevu tu. Kama vioo vyenu vina vile vikinga mvua vya plastiki juu ya mlango, theluji haitaingia. Vioo vingine vyote vizibeni kwa vipande vya povu au karatasi ya kung'aa yenye viputo, vikatwe vizidi kioo kwa sentimita moja ili vijibane vyenyewe. Asubuhi viondoeni, pangueni barafu iliyo nyuma yake na kuitupa nje kabla haijayeyuka. Mwe na vitambaa viwili vya kufutia.

Godoro: povu la kawaida la sentimita 10 linabonyea chini ya nyonga na mabega, na hapo ndipo baridi ya sakafu inapopanda. Wekeni kwanza mbao za povu gumu la ujenzi, yale ya waridi au ya bluu, unene wa sentimita 2.5, hilo lina kinga ya R-5 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipotee). Juu yake mkeka wa povu wa kukunja (R-2 hivi), ndipo godoro lenu. Thamani za R zinajumlishwa, na kwa kulala juu ya theluji mnataka jumla isipungue 5. Asubuhi inueni godoro lisimame, maana unyevu hujikusanya chini yake na kwa siku mbili ukungu unaanza.

Mablanketi peke yake hayatoshi. Kwenye mifuko ya kulalia iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 mtakuta namba tatu: starehe, kikomo na hatari. Nunueni kwa namba ya starehe. Ile ya hatari maana yake ni kwamba mtu anapona kifo tu, hapati usingizi. Mfuko wa starehe ya -18 kila mmoja, au wa -9 kila mmoja na blanketi zito la sufu juu yenu wote wawili. Saa moja kabla ya kulala chemsheni maji, jazeni chupa za plastiki ngumu za lita moja, hakikisheni kifuniko hakivuji, ziingie ndani ya soksi na kuwekwa katikati ya mapaja. Wapagazi wa Kilimanjaro wanawafanyia wageni hivyo hivyo. Kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, bado yanaunguza ngozi bila soksi.

Mkitaka joto la ziada, blanketi la umeme la volti 12 linakula wati 45 hadi 60. Betri ya kubeba ya wati-saa 500 inaliendesha usiku mmoja tu likiwaka muda wote. Liwasheni saa moja kabla ya kulala na saa moja alfajiri, betri hiyo itawafikisha siku zote mbili na simu mtachaji.

Kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi nunueni hata kama hamtawasha kitu. Angalieni maandishi yake: vingi vya nyumbani vimetengenezwa kwa nyuzi 4 hadi 38 tu, na gari lenu litakuwa chini ya hapo. Tafuteni kilichoidhinishwa kwa magari ya kulala. Kiwe usawa wa kichwa chenu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu ni dalili za gesi hiyo, na ni dalili zile zile za ugonjwa wa mwinuko. Mkiwa mita elfu tatu hamwezi kutofautisha kwa hisia. Kichwa kikiuma, fungueni milango kwanza, mengine baadaye.

---

Fundi_Salmini amejibu:

Mzee kasema vizuri. Mimi naongeza upande wa gari.

Betri kwanza. Betri ya risasi na asidi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na nusu tu, au zaidi kidogo, ya nguvu yake ya kuzungusha stata, na wakati huo huo injini inakuwa nzito zaidi. Betri ya miaka minne inayowasha vizuri Denver inaweza kugoma kabisa Leadville. Pelekeni ikapimwe dukani kabla ya safari, maduka mengi ya vipuri hapa yanapima bure. Bebeni kifaa cha kubusti na mlale nacho ndani, kisiachwe kwenye buti. Vile vile betri ya lithiamu ya kubeba: inatoa umeme kwenye baridi, lakini kuichaji seli zikiwa chini ya sifuri kunaziharibu moja kwa moja. Ipasheni kwanza ndipo mchomeke.

Kinachomaliza betri ya Sienna usiku mara nyingi ni taa za ndani na milango ya umeme, mkifungua na kufunga mara ishirini mkipika. Zimeni taa za dari kwa swichi, zimeni na umeme wa milango, tumieni taa za kichwani.

Oili ya injini hiyo ya V6 ni 0W-20, ni nzuri kwa baridi. Maji ya rejeta yawe mchanganyiko wa nusu kwa nusu, hayo hayagandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya kuoshea kioo yawe ya majira ya baridi, yameandikwa -20°F au chini zaidi. Yale ya kiangazi yataganda na kupasua mabomba. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Tairi ndizo zinazoamua kama mtarudi nyumbani. AWD inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama wala kukata kona. Wekeni tairi zenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Sheria ya Colorado kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, inataka kina cha mikato ya tairi kisipungue inchi 3/16 (milimita 4.8), na theluji ikizidi wanaweza kuwasha sharti hilo kwenye barabara nyingine za jimbo pia. Upepo wa tairi unashuka psi 1 kwa kila nyuzi 5.5 za baridi inayoongezeka, kwa hiyo upimeni tena mkiwa huko juu asubuhi, kabla hamjaendesha.

Minyororo: someni kitabu cha gari kwanza, nafasi kati ya tairi na springi ni ndogo na siyo kila mnyororo unaingia. Kwenye Sienna gurudumu kuu la kuvuta ni la mbele. Fanyeni mazoezi ya kuifunga nyumbani, mkiwa na glavu. Tumbo la gari hili liko sentimita 16 tu kutoka chini. Theluji ikizidi kina hicho gari linaelea juu yake kama mtumbwi na tairi hazina kazi tena. Hapo mnahitaji beleshi la chuma (la plastiki linavunjika kwenye barafu), vibao viwili vya kukanyagia tairi, na kamba ya kuvutia.

Mkifika sehemu ya kulala, gari liangalie njia ya kutokea. Kanyageni theluji kwa tairi mara mbili tatu kabla ya kusimama. Wekeni gia kwenye P, wekeni kabari nyuma ya tairi, na mahali pakiwa tambarare msivute breki ya kuegeshea: ikiwa imelowa itaganda imebana. Inueni waipa. Raba za milango zipakeni silikoni nyumbani, la sivyo mtang'oa raba mkifungua asubuhi.

Na hili la injini nalisema kwa msisitizo: msilale injini ikinguruma. Theluji ikipanda mpaka bomba la ekzosi, moshi unarudi chini ya sakafu na kuingia ndani. Asubuhi kabla ya kuwasha, mtu atoke na beleshi asafishe nyuma ya gari mpaka chini ya bampa.

---

BintiMifugo amejibu:

Naomba niseme kuhusu mbwa, maana huwa anakumbukwa mwishoni.

Mbwa mwenye manyoya mafupi hana koti la ndani la kuhifadhi joto. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, na mkimwacha kwenye sakafu ya gari atalipoteza kupitia tumbo na kifua. Apate kipande chake cha povu gumu, juu yake mkeka, juu yake blanketi la sufu. Mahali pazuri ni katikati yenu au miguuni mwenu. Mlangoni hapamfai, bati linamnyonya joto. Avae koti linalofunika kifua na tumbo, na likilowa mvueni kabla ya kulala. Koti lililolowa ni baya kuliko kutovaa kabisa. Mkausheni kwa taulo nje, au mlangoni mkiwa mmefungua, unyevu wake usibaki ndani.

Usiku mguseni masikio na ncha ya mkia. Akitetemeka, mwingizeni ndani ya blanketi pamoja na mmoja wenu na mwekeeni chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kitambaa. Mbwa aliyekuwa anatetemeka akaacha huku akizidi kulegea na kusinzia, hajapata nafuu. Joto la mwili limeshuka hatari, mpasheni taratibu na teremkeni kwa daktari wa mifugo.

Nyayo: theluji inajiviringisha kati ya vidole na kuwa vijiwe vya barafu vinavyokata ngozi. Punguzeni manyoya ya kati ya vidole nyumbani, pakeni nta ya nyayo kabla ya kutoka, au viatu vya mbwa kama amevizoea. Msimvalishe viatu siku ya safari kwa mara ya kwanza, atavitupa. Mkirudi kutoka barabarani osheni nyayo kwa maji vuguvugu, kwa sababu ya chumvi na dawa za kuyeyusha barafu ambazo atazilamba. Maji ya rejeta yenye ethilini glikoli ni matamu na yanaua hata kwa kiasi kidogo. Tone likimwagika lichimbeni na theluji yake mlitoe.

Chakula mwongezeeni kama robo ya kawaida, sehemu kubwa jioni. Maji mpeni vuguvugu kila baada ya saa mbili mchana. Theluji anayokula haimtoshi, na inamgharimu joto kuiyeyusha. Mbwa aliyekaukiwa anapata baridi haraka.

Kamba muda wote. Milima hiyo ina moose (kulungu mkubwa sana), na moose humchukulia mbwa kama mbwa mwitu: humfuata, na mbwa hukimbilia kwa mwenyewe huku moose akiwa nyuma yake. Mkiamua kwenda Rocky Mountain National Park badala yake, jueni kwamba huko mbwa haruhusiwi kwenye njia za kutembea kabisa, anaishia kambini na barabarani. Kwenye misitu ya taifa kuna uhuru zaidi.

Jambo dogo la mwisho: mmoja wenu abaki na ufunguo mfukoni kila mnapotoka nje. Mbwa akiruka mlangoni hukanyaga kitufe cha kufungia milango.

---

Sagati_Calgary amejibu:

Nakubaliana na mengi, ila mzee amewakatia watu tamaa ya hita mapema mno. Hita ya dizeli ya kilowati 2 inavuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje, hewa ya ndani haigusani na moto. Inapasha na inakausha kwa wakati mmoja. Inakunywa lita 0.1 hadi 0.25 kwa saa. Umeme ni ampea 8 hadi 10 dakika chache za kuwasha, kisha inashuka mpaka ampea 1 hivi. Huku Kanada ndiyo inayotumika.

Masharti yake: bomba la moshi litoke mbali na vioo vilivyo wazi na lisizibwe na theluji, msikate umeme ghafla, iacheni ijipoze dakika kadhaa au itaungua ndani, juu ya mita 1,500 ichaguliwe yenye marekebisho ya mwinuko, la sivyo inaunguza mafuta mengi kwa hewa ndogo na kujaa masizi. Dizeli ya kawaida (namba 2) inaanza kuwa na ukungu wa nta kwenye baridi hiyo, tumieni iliyochanganywa kwa majira ya baridi.

---

Mzee_wa_Gunnison amejibu:

Sagati, upo sahihi, na kwa mtu anayelala garini kila wiki ningemwambia afunge hiyo hiyo. Lakini dada ana wiki chache na gari la familia. Kutoboa sakafu, kupitisha bomba mbali na mabomba ya breki, kuziba kiungo cha moshi kisivuje: kazi hiyo ikifanywa kwa haraka, hatari ya moshi inarudi ndani. Afanye bila hita safari hii.

---

Kijito285 ameandika:

Nawashukuru sana wote. Hita inabaki nyumbani. Swali la mwisho: tusimame wapi hasa, na kupika na choo inakuwaje ardhi ikiwa imeganda?

---

Mzee_wa_Gunnison amejibu:

Usiku wa kwanza msiende moja kwa moja Leadville. Laleni maeneo ya Buena Vista, mita 2,430 hivi, mwili uzoee. Usiku wa pili ndipo mpande. Pombe na dawa za usingizi viacheni, vinapunguza pumzi mkiwa usingizini huko juu.

Barabara nyingi za misitu hufungwa au hazisafishwi theluji, kwa hiyo pateni ramani ya magari ya msitu husika, ile ya bure ya Forest Service, inayoonyesha barabara ipi inafunguliwa miezi ipi. Hali ya barabara kuu iko kwenye tovuti ya COtrip. Taarifa za maporomoko ya theluji someni asubuhi ya safari kwenye tovuti ya Colorado Avalanche Information Center. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, na theluji yake hufika mbali kwenye tambarare ya chini. Mkiona ukanda usio na miti unaoshuka mlimani, au miti iliyovunjika yote ikielekea upande mmoja, ondokeni hapo. Msisimame kwenye kingo za barabara zinazosafishwa, gari la kusukuma theluji litawazika. Chini kabisa ya bonde pia si pazuri, hewa baridi hutiririka na kutulia humo. Pandeni kidogo, mita ishirini au thelathini tu, penye miti ya kukinga upepo na upande utakaopata jua la asubuhi.

Kupika ni nje, chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa. Mitungi ya buteni haitawaka, buteni huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Propeni huchemka kwenye 42 chini ya sifuri, kwa hiyo jiko la propeni au la petroli nyeupe. Maji bebeni lita nne kwa mtu kwa siku, na ya mbwa juu yake. Chupa zilazwe zikiwa kichwa chini, barafu inaanzia juu na mdomo utabaki wazi. Mkilazimika kuyeyusha theluji, tangulizeni maji kidogo kwenye sufuria, la sivyo inaungua na maji yananuka. Lita kumi za theluji laini zinatoa kama lita moja tu.

Choo: ardhi haichimbiki, na mkifukia kwenye theluji kitaonekana Mei. Nunueni mifuko maalumu yenye unga wa kugandisha, mrudi nayo, na ya mbwa hivyo hivyo. Usiku kila mmoja awe na chupa yake ya mkojo yenye alama ya utepe, ili msifungue mlango saa tisa za usiku na kupoteza joto lote la kitandani. Mwachieni mtu Denver ramani ya mahali mlipo na saa ya mwisho ya kuwasikia. Simu nyingi hazishiki huko, kwa hiyo azimeni kifaa cha ujumbe wa setilaiti au tumieni simu yenye huduma hiyo. Mkikwama, bakini na gari.